Kerneli inaposuasua: kumtafuta mhusika halisi ndani ya ukaguzi wa usalama wa mtandao

Seva ya Linux ikianza kusuasua baada ya sera za usalama kuongezwa, lawama hutangulia vipimo. Mmoja atasema ni fayawoli, mwingine ataitaja SELinux, moduli ya usalama ya Linux, wa tatu atataka vyote vizimwe "kwa muda tu" hadi watumiaji waache kulalamika. Jaribio linalofuata huwa lilelile: mtu anaandika setenforce 0, anaangalia kama mwendo umebadilika, na usipobadilika SELinux inatangazwa kuwa haina hatia.

Jaribio hilo halithibitishi kitu. Ukiandika setenforce 0, SELinux huendelea kuuliza kila swali iliyokuwa ikiuliza, inapekua jedwali lilelile na kufikia uamuzi uleule. Tofauti ni kwamba jibu la "hapana" halimzuii mtu tena, linaandikwa tu kwenye kumbukumbu za matukio. Kazi ya prosesa iko palepale. Anayetaka kulinganisha kwa haki inabidi aiwashe mashine upya ikiwa na selinux=0 kwenye vigezo vya kerneli (moyo wa mfumo endeshi), tena kwenye mashine ya majaribio, kwa sababu mafaili yatakayoundwa wakati huo hayatakuwa na lebo na yatasumbua utakapoirudisha.

Kosa hilo lina mzizi mmoja na mengine mengi tutakayoyaona. Watu hudhani gharama ya usalama iko kwenye kuamua: pakiti ipite au isipite. Kuamua ni rahisi mno, ni kulinganisha namba mbili au kusoma biti moja. Kinachokula muda ni kulitafuta jibu lilikohifadhiwa, kulitafuta tena kwa kila pakiti inayofuata hata kama halijabadilika, na viini vya prosesa kusukumana mlangoni mwa jedwali moja. Profaili, yaani rekodi ya mahali prosesa inapotumia muda wake, inayofaa ni ile inayokuonyesha hicho, siyo inayokupa tu jina la fanksheni.

Bajeti ya nanosekunde

Bila hesabu, neno "polepole" halina maana. Kiungo cha gigabiti 10 kwa sekunde kikijazwa pakiti ndogo kabisa za baiti 64 hupitisha pakiti milioni 14.88 kila sekunde. Hiyo ni nanosekunde 67.2 kwa pakiti moja, au mizunguko kama 200 kwa prosesa ya gigahezi 3. Kitu kikikosekana kwenye kache, kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa, na kikabidi kufuatwa kwenye kumbukumbu kuu, safari hiyo peke yake huweza kuchukua nanosekunde 80 hadi 100. Kiini kimoja kinachobeba mzigo huo kikikosa kitu kwenye kache mara moja tu, bajeti imekwisha kabla swali la kwanza la usalama halijajibiwa. Jaza kiungo hichohicho kwa pakiti za baiti 1,500 na bajeti inapanda hadi takriban nanosekunde 1,230. Ukaguzi uleule sasa hauonekani kabisa.

Ndiyo maana majaribio mengi ya kasi hudanganya. Kwa mkondo mmoja mkubwa wa TCP, kerneli huunganisha pakiti zinazofuatana kuwa furushi moja kabla ya kuzipeleka juu, utaratibu uitwao GRO. Furushi linaweza kufika kilobaiti 64, yaani zaidi ya pakiti 40, na fayawoli hulikagua mara moja kama pakiti moja. Matokeo yanapendeza. Kisha seva hiyohiyo inawekwa kuhudumia DNS (kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani), maswali madogo ya UDP yanayokuja moja moja, nayo inazama. Ukitaka kupima gharama ya usalama, pima kwa pakiti ndogo na uhesabu pakiti kwa sekunde. Gigabiti ziache kwa ajili ya matangazo.

Njia ya pakiti

Kadi ya mtandao huiandika pakiti kwenye kumbukumbu na kupiga kikatizi, ishara ya kuishtua prosesa. Kerneli haifanyi mengi hapo, kazi kubwa huahirishwa hadi kwenye kikatizi laini, ndani ya fanksheni net_rx_action. Kutoka hapo pakiti huingia ip_rcv na kukutana na vituo vya Netfilter, mfumo ulioingia Linux na kerneli 2.4 mwaka 2001. Vituo hivyo ni vitano: kabla ya kuelekezwa, kuingia, kupitishwa kwenda kwingine, kutoka, na baada ya kuelekezwa. Hapo ndipo kanuni za fayawoli zinaposomwa na hali ya muunganisho inapofuatiliwa.

Ikivuka, huenda TCP au UDP, na kabla ya kuwekwa kwenye foleni ya soketi (mlango wa programu kwenye mtandao) hupita kwenye ndoano ya moduli za usalama, mahali ambapo kerneli husimama kuziuliza moduli hizo, iitwayo security_sock_rcv_skb. Mwisho kabisa programu inapoita recvmsg kuisoma data, ndoano nyingine huuliza kama programu hiyo inaruhusiwa kuigusa soketi hiyo.

Tofauti kati ya ndoano hizo mbili hupuuzwa sana, nayo ni muhimu. Ya kwanza huitwa kwa kila pakiti, lakini SELinux, kama hakuna kanuni zinazobandika lebo kwenye pakiti wala lebo za upande wa pili wa mtandao, hurudi mara moja bila kutafuta chochote. Ya pili huitwa kwa kila wito wa mfumo, yaani kila ombi la programu kwa kerneli, na hiyo haikwepeki. Kwa hiyo kwenye seva nyingi gharama ya SELinux haifuati wingi wa pakiti, inafuata wingi wa miito. Programu inayotuma ujumbe wa baiti 10 mara milioni inalipia ukaguzi milioni. Ikikusanya jumbe hizo na kuzituma kwa mafungu, bili inashuka bila kugusa sera hata mstari mmoja.

Mitego ya sampuli

Chombo cha kwanza ni perf, iliyoingia kerneli toleo 2.6.31 mwaka 2009. Hukatiza prosesa mara kadhaa kwa sekunde na kuandika mlolongo wa fanksheni uliokuwa ukiendeshwa wakati huo. Amri ya kawaida ni perf record -F 99 -a -g -- sleep 30. Namba 99 imechaguliwa badala ya 100 makusudi, ili sampuli zisiende sambamba na kazi za kerneli zinazojirudia kwa saa ya mzunguko kamili. Milolongo hiyo huchorwa kama grafu ya miali, mchoro aliouanzisha Brendan Gregg mwaka 2011, ambamo upana wa kila kipande ni sehemu ya sampuli zilizokikuta kikiendeshwa.

Kabla ya kuichora, angalia mpstat -P ALL 1 na safu ya %soft, muda unaoliwa na vikatizi laini. Seva yenye viini 32 ambayo kiini kimoja tu kimejaa vikatizi laini itaonyesha wastani wa asilimia 3, na grafu ya mashine nzima itasema hakuna tatizo. Kumbe kiini hicho kimekwama na pakiti zinamwagika. Chukua sampuli za kiini hicho peke yake kwa -C. Mara nyingine uchunguzi unaishia hapo: kadi imepeleka foleni zote mahali pamoja, na usalama haukuwa na kosa lolote.

Mtego wa pili ni jina la mchakato. Kikatizi laini hakina mchakato wake, hudandia ule uliokuwa ukiendeshwa pakiti ilipofika. Sampuli itasema postgres, huku fanksheni zilizo juu ya mlolongo zote ni za fayawoli. Msimamizi wa hifadhidata anaitwa kujieleza kwa kosa ambalo hata halijui. Mzigo ukizidi, kazi huhamishiwa kwa ksoftirqd na lawama nazo huhama, kwa hiyo profaili mbili za mashine moja zilizopishana dakika chache zinaweza kuonekana za mashine mbili tofauti. Panga matokeo kwa jina la fanksheni, usiyapange kwa jina la mchakato.

Wa tatu ndio mbaya kuliko yote, nao huwanasa hata wazoefu. Kwenye mashine pepe nyingi, vihesabio vya vifaa vya prosesa havijafunguliwa kwa mashine hizo. perf haigomi, inarudi kimyakimya kwenye saa ya programu iitwayo cpu-clock. Saa hiyo ni kikatizi cha kawaida, na kikatizi cha kawaida hakiwezi kuingia mahali ambapo kerneli imefunga vikatizi. Sampuli inasubiri mlangoni. Vikatizi vikifunguliwa tu, inaandikwa, na anwani inayoandikwa ni ya fanksheni iliyofungua: _raw_spin_unlock_irqrestore. Kwenye grafu unaona mwali mpana wa fanksheni ya kuachia kufuli (kinachoruhusu kiini kimoja tu kwa wakati), na hitimisho linajileta lenyewe: makufuli yanagombaniwa! La hasha. Unachokiona ni mahali kipimo kilipopata ruhusa ya kupumua, na muda wenyewe uliliwa na kazi iliyofanyika kabla yake. Soma mstari wa juu wa perf report. Ukisema tukio ni cycles, uko salama kiasi. Ukisema cpu-clock, usimhukumu mtu kwa ushahidi huo.

Hata sampuli safi zina kikomo. Sekunde 30 kwa 99 ni sampuli 2,970 kwa kiini kilichojaa. Fanksheni ya asilimia 1 imeonekana mara 30 hivi, na bahati peke yake inaweza kuitikisa kwa tano au sita juu au chini. Mabishano kuhusu asilimia 1 dhidi ya 1.2 ni mabishano kuhusu kelele.

Miali miwili inayofanana

Chukua seva mbili. Kwenye ya kwanza mwali mpana ni ipt_do_table, fanksheni inayosoma kanuni za iptables (ukitumia iptables mpya iliyojengwa juu ya nftables, utaona nft_do_chain badala yake). Kwenye ya pili mwali mpana uko ndani ya nf_conntrack_in, kwenye sehemu inayotafuta muunganisho. Upana ni sawa na dalili kwa mtumiaji ni ileile. Ugonjwa ni tofauti, na kinachoutenganisha ni perf stat -e cycles,instructions.

Seva ya kwanza inatekeleza maagizo mengi kwa kila mzunguko. Prosesa iko kazini kwelikweli. Tatizo ni kwamba kazi yenyewe ni nyingi mno. iptables husoma kanuni moja baada ya nyingine tangu juu, na mtu ameweka kanuni moja kwa kila anwani iliyozuiwa. Kila kanuni huchukua zaidi ya baiti 100 za kumbukumbu, hivyo anwani 10,000 ni zaidi ya megabaiti moja ya kusomwa mwanzo hadi mwisho. Anayegharamia zaidi ni mgeni mwema: mbaya hukamatwa njiani, mwema hulinganishwa na wote 10,000 ndipo apite. Dawa ni kuziweka anwani kwenye seti ya heshi, kupitia ipset au seti za nftables, ambako utafutaji mmoja unachukua nafasi ya ulinganisho 10,000. Pia kanuni inayoruhusu miunganisho iliyokwisha kukubaliwa iwe juu kabisa, ili msafara mrefu ulipwe na pakiti ya kwanza tu.

Seva ya pili ni kinyume chake. Maagizo kwa mzunguko ni machache sana, chini ya moja, na perf annotate inaonyesha sampuli zimerundikana kwenye agizo linalofuata usomaji wa kielekezi, yaani anwani ya mahali data ilipo. Prosesa imekaa ikisubiri kumbukumbu. Ili kujua kwa nini, soma namba mbili: nf_conntrack_count (miunganisho inayofuatiliwa) na nf_conntrack_buckets (ndoo, yaani vyumba vya jedwali la miunganisho), zote chini ya net.netfilter kwenye sysctl, mipangilio ya kerneli.

Tuseme ya kwanza ni 200,000 na ya pili ni 65,536. Kila muunganisho huingizwa kwenye jedwali la heshi mara mbili, kwa mwelekeo wa kwenda na wa kurudi, kwa hiyo kuna viingizo 400,000 kwenye ndoo 65,536: karibu sita kwa kila ndoo, vimeungwa kama mnyororo. Kila pete ya mnyororo iko mahali tofauti kwenye kumbukumbu, na kila ruko linaweza kuwa safari nyingine ya nanosekunde 100. Seva hufikaje hapo? Kwa kawaida ujumbe "nf_conntrack: table full, dropping packet" ulionekana siku moja, mtu akapandisha nf_conntrack_max mara kadhaa, ujumbe ukatoweka, na hakuna aliyekumbuka kuongeza ndoo. Pakiti haziangushwi tena, ila kila moja inalipishwa. Kama kuna trafiki isiyohitaji kufuatiliwa kabisa, maswali ya DNS kwa mfano, iondoe kwenye ufuatiliaji kwa kanuni ya notrack kwenye jedwali la raw, na usubiri wake wote utaondoka nayo.

Kache ya maamuzi

SELinux haiendi kwenye sera kwa kila swali. Huhifadhi majibu kwenye kache iitwayo AVC, na mtu yeyote anaweza kuitazama kwenye /sys/fs/selinux/avc/. Faili la cache_stats lina mstari kwa kila kiini cha prosesa, na safu sita: lookups, hits, misses, allocations, reclaims, frees. Safu ya kuangalia ni reclaims. Isome mara mbili kwa kuachanisha sekunde chache. Ikiwa inapanda mfululizo, kache inawafukuza wakazi wake ili ipate nafasi, na kesho yake, yaani mikrosekunde chache baadaye, inawatafuta tena.

Kikomo cha kawaida ni viingizo 512, na kiko kwenye faili la cache_threshold. Kwa seva yenye huduma chache kinatosha na kubaki. Kwa mashine yenye makontena mengi hakitoshi, kwa sababu kila kontena hupewa kategoria zake, na kila mchanganyiko mpya wa anayeomba, anayeombwa na aina ya kitu ni kiingizo kipya. Kwenye profaili hali hiyo ina sura yake: badala ya avc_has_perm kuwa nyembamba na kuishia hapohapo, juu yake inaota context_struct_compute_av, fanksheni inayopiga hesabu ya sera upya. Pandisha kikomo hadi 2,048 na uitazame reclaims ikitulia, lakini usikipandishe bila kufungua hash_stats. Faili hilo linaonyesha ndoo zilizotumika na mnyororo mrefu zaidi, na ndoo zikibaki 512 huku viingizo vikiongezeka, umehamisha gharama kutoka kwenye sera kwenda kwenye mnyororo.

Zamani kache hiyo ilikuwa na kufuli moja kwa viini vyote, na mashine kubwa ziliumia. Mwaka 2004 KaiGai Kohei wa NEC alileta marekebisho yaliyoifanya isomwe kwa RCU, bila msomaji kushika kufuli. Ndiyo sababu leo SELinux ni mtuhumiwa dhaifu kila unapoona native_queued_spin_lock_slowpath, fanksheni ya kusubiri kufuli, kwenye profaili. Panda mlolongo hadi kwa aliyeita fanksheni hiyo kabla ya kutaja jina. Amri ya perf lock contention huifanya kazi hiyo vizuri.

Gharama isiyo na mwali

Kuna gharama ambayo grafu ya miali haiwezi kukuonyesha vizuri, kwa sababu haina mahali pake. Ndoano za moduli za usalama kwa miaka mingi zilikuwa orodha ya vielekezi vya fanksheni, na kila moduli iliitwa kupitia kielekezi. Januari 2018, udhaifu wa Spectre ulipotangazwa, miito ya namna hiyo ililazimika kupitishwa kwenye kinga ya retpoline, inayoizuia prosesa kubahatisha mwisho wa safari. Kila wito ukawa ghali kidogo. Hakuna fanksheni moja iliyonenepa. Zote ziliongeza gramu chache, zikiwa zimetapakaa njia nzima. Kwenye prosesa zinazotumia kinga hiyo, jina la kutafuta kwenye orodha bapa ya perf report --no-children ni __x86_indirect_thunk, likifuatiwa na jina la rejista. Yajumlishe yote na ndipo utaiona bili. Kerneli 6.12 ya Novemba 2024 ilibadilisha ndoano hizo kuwa miito ya moja kwa moja inayopangwa mashine inapowaka, na kwa mwenye mzigo wa miito mingi hiyo ni sababu tosha ya kupandisha toleo.

Kipimo chenyewe nacho kina bei. Inavutia kuweka kprobe, kituo cha kupimia kinachopachikwa kwenye fanksheni ya kerneli, kwenye ipt_do_table na kuchora histogramu ya nanosekunde kwa chombo cha bpftrace, lakini kprobe huongeza muda wake kwa kila wito, na kwa pakiti milioni kwa sekunde muda huo unaweza kuzidi unaoupima. Tumia fentry, kituo chepesi zaidi, inapowezekana, chunguza sekunde chache, na ulinganishe pakiti kwa sekunde kabla na baada ya kuwasha kipimo. Zikishuka wazi, histogramu yako inapima bpftrace.

Ukishafanya marekebisho, usiyathibitishe kwa asilimia. Asilimia za profaili lazima zifike 100, kwa hiyo ukipunguza kitu kimoja, vingine vyote vitaonekana vimenenepa, na atatokea mtu atakayeanza kuvisaka hivyo. Hesabu mizunguko kwa pakiti: perf stat -C kwa kiini husika, -e cycles, sekunde 10, gawanya kwa pakiti zilizohesabiwa na ethtool -S kwenye foleni ya kiini hicho. Namba hiyo inalinganishika kati ya leo na mwezi ujao. Tahadhari moja tu: mfumo unaoangusha pakiti mapema huonekana wa bei nafuu, kwa sababu pakiti iliyokufa haigharimu tena. Tangu kerneli 5.17 tukio la skb:kfree_skb lilianza kutaja sababu za pakiti kuangushwa. Lisome sambamba na hesabu yako, na kama sababu za Netfilter zimeongezeka pamoja na "ufanisi" wako, rudi kwenye kanuni kabla hujampelekea mtu ripoti.